Mgonjwa Abaki Ndani

Hajra alimpata mzee Masoudi mjini Ruangwa, msimu wa mnada wa ufuta. Yeye hakuwa amekwenda kuuza wala kununua. Alikuwa anatafuta sauti.

Wakati huo yeye na Nicholaus walikuwa katika mwaka wa pili wa kutengeneza gemu lao. Nicholaus alikuwa na steshenari karibu na stendi ya Nachingwea. Chumba cha mbele alitolea kopi na kupigia picha za pasipoti, na cha nyuma kilikuwa na kompyuta ambazo Hajra alishinda nazo kutwa. Nicholaus aliandika programu, Hajra alichora na kutunga hadithi. Gemu liliitwa Neema. Lilikuwa gemu la kupiga risasi, la ile aina ambayo hujioni mwili wako, unaona mikono tu na bunduki mbele yako, na kinachokuja kinakujia wewe. Lakini Hajra hakutaka watu wapige risasi tu. Alitaka waogope kwanza, ndipo waelewe.

Mchezaji anaingia katika kijiji kilichojengwa porini na watu waliochoshwa na njaa. Waliapa kwamba hapo hapatakuwa na tajiri wala maskini, kwamba watakula chungu kimoja na nyumba zao hazitatiwa kufuli. Kiongozi wao, aliyeitwa Mlezi, akawapa dawa ya kuondoa uchovu. Miaka ikapita. Mchezaji anafika na gobore la marehemu baba yake akimtafuta kaka yake, anawakuta wanakijiji bado wanalima. Hawalali, hawamtambui mtu, wanatii sauti inayotoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo. Gobore linapiga mara moja tu. Ukikosa, unashindilia baruti upya huku wanakuja. Kijana mmoja wa bodaboda waliyempa ajaribu alivua hedifoni katikati ya mchezo, akasema, "Hii noma, dada," akatoka kwenda kusimama juani.

Sehemu kubwa ya kijiji hicho Hajra aliipata kwa mama yake. Bi Sikuzani alikulia mahali palipoitwa Nuru, ndani kabisa upande wa Mbwemkuru, ambako bwana mmoja aliwakusanya watu wa makabila na dini mbalimbali ili waanze maisha mapya. Wao walimwita Mlezi, na Hajra hakuona sababu ya kubadilisha jina hilo. Tangu akiwa mdogo alisimuliwa habari za chungu kikubwa, nyimbo za asubuhi, nyumba zilizopangwa duara, pampu ya maji katikati na ghala la ufuta pembeni. Mama yake alisimulia mazuri tu. Ukimwuliza kwa nini waliondoka, alijibu, "Maradhi yaliingia," kisha akatafuta kitu cha kufanya kwa mikono. Kaka wa mama yake, Hemedy, alikufa kwa maradhi hayo. Zaidi ya hapo Hajra hakujua kitu. Yale ya kutisha aliyatia mwenyewe, akidhani anatunga.

Sauti ya Mlezi ndiyo iliyowashinda. Walimjaribu mwalimu wa sekondari, walimjaribu mtangazaji wa harusi, na wote walisikika kama watu wanaosoma karatasi. Siku hiyo Hajra alikuwa amesimama nje ya ghala la chama cha msingi cha wakulima pale Ruangwa, wakulima wakibishana juu ya bei, mara bajaji ikapita polepole ikitangaza chanjo ya watoto. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa mzee mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuongelesha wewe peke yako, ukiwa umelala, na anajua hujalala. Wakulima waliacha kubishana bila kuambiwa.

Hajra aliifuata bajaji mpaka iliposimama.

Mzee Masoudi hakusita alipoombwa awe sauti ya Mlezi. Alikuja Nachingwea siku chache baadaye. Wakamwingiza katika kijistoo walichokizungushia magodoro ili mlio wa pikipiki usiingie. Akasoma karatasi zote kimya kabla ya kufungua mdomo.

"Huyu Mlezi," akauliza, "mwisho wake anakuwaje?"

"Anapigwa risasi, mzee," Nicholaus akasema.

"Na nani?"

"Na anayecheza. Yeyote yule."

"Hata mtoto?"

"Hata mtoto."

Mzee alitabasamu kidogo, akaomba maji. Mzee alipoanza kusoma, Hajra aliona vinyweleo vya mkono wake mwenyewe vikisimama. Hawakuhitaji kurudia neno. Ila walipofika kwenye mstari wa asubuhi, ule ambao Hajra aliuandika, "Wananchi wa Neema, amkeni, kazi!" mzee aliiweka karatasi magotini.

"Hawezi kusema hivi," akasema. "Huyu anawapenda. Mtu anayewapenda hawafokei."

"Angesemaje?"

Mzee alisogea karibu na maikrofoni, akafumba macho. "Wanangu, amkeni taratibu. Kazi inatungoja. Mgonjwa abaki ndani."

Nicholaus alimtazama Hajra, Hajra akamtazama Nicholaus. Mstari huo ulikuwa bora kuliko chochote walichokiandika. Wakauchukua kama ulivyo.

Wiki iliyofuata, saa za mchana, Bi Sikuzani aliwapelekea chakula steshenari, ugali wa muhogo na mbaazi za nazi katika hotpoti. Ilikuwa desturi yake akitoka sokoni. Nicholaus alikuwa mbele na mteja. Hajra alikuwa nyuma, amewasha spika kubwa, anapima sauti isikike kana kwamba inatoka mbali, juu ya nguzo.

"Wanangu, amkeni taratibu," spika zikasema. "Kazi inatungoja. Mgonjwa abaki ndani."

Bi Sikuzani hakupiga kelele. Aliinama akaiweka hotpoti sakafuni polepole, kama mtu anayeogopa isije ikalia. Akarudi kinyumenyume hadi nyuma ya mlango, akachuchumaa pale kwenye kona, akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mama mtu mzima, mwenye mashamba Ruponda, anayeogopwa na vibarua wake, alikuwa amejikunyata kama kitoto.

"Mama?"

"Zima," akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana.

Hajra alizima. Mama yake hakuinuka. Alikuwa akisikiliza nje, kwenye ukuta, kama anayengoja nyayo za mtu.

Nyumbani, alipoweza kuzungumza, alisimulia yale ambayo hakuwahi kuyasimulia.

Ugonjwa ulikuwa wa kuhara. Ulianza kwa nyumba moja, ukaenda nyumba ya pili. Mlezi alikuwa amewaambia kwamba Nuru hapaugui mtu, kwa hiyo aliyeugua alikuwa ameleta shaka kutoka nje, na shaka huambukiza. Akaamuru wagonjwa wahamie ghala la ufuta mpaka wapone. Mwanzo walikwenda kwa miguu yao wenyewe, wakiwaaga watu. Hemedy alikwenda kwa miguu yake, akiwa amebeba mkeka.

"Kila asubuhi ile sauti ilituamsha," Bi Sikuzani alisema. "Kwa upole vilevile. Mgonjwa abaki ndani. Ukisikia tumbo linauma, unakaza, unatoka kulima, unacheka. Watoto wadogo tulijifunza kucheka. Kijiji kizima hakikuwa na kufuli, Hajra. Kufuli moja lilikuwepo, na lilikuwa pale, kwa nje."

Ghala lilikuwa la mbao, na mbao moja ilikuwa na ufa. Bi Sikuzani alikuwa akipenyeza mwanzi mwembamba, anamimina maji kwa kikombe, na Hemedy anayanyonya upande wa pili. Waliongea kidogo kidogo. Kisha ikavuma habari kwamba serikali inakuja kukivunja kijiji, na asubuhi moja watu wote walianza kukimbia na vyungu vyao. Baba yake, Bashiri, alimbeba begani. Alipogeuka nyuma aliona mlango wa ghala, na kufuli lipo.

"Baba alisema wamefungua. Alisema hivyo mpaka anaingia kaburini. Lakini hakuwahi kunitazama machoni akilisema hilo."

Hajra alimshika mikono. Ilikuwa baridi, na nje jua lilikuwa linachoma.

"Una hakika ni yeye, mama? Sauti hubadilika."

"Ingebadilika, nisingejificha kabla sijajua najificha nini. Asijue kama nipo. Mwambie mwenzako mzee yule asikanyage tena hapa."

Usiku ule na kesho yake Hajra hakutoka. Mama yake alikuwa na homa isiyo na joto, anatetemeka tu. Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, mama alipolala kidogo, Hajra alimwomba jirani, Mwamina, amsikilizie, akabeba laptopu yake kwenye begi akaenda steshenari kwa miguu. Hakutaka kuyasema mambo yale kwa simu.

Nicholaus alimsikiliza akiwa ameshika rundo la karatasi. Kabla hajamaliza, alikuwa ameziweka chini.

"Hajra," akasema. "Alikuja hapa leo asubuhi. Alitaka kusikia kazi ilivyotoka. Nikamwambia haupo, mama anaumwa. Akauliza kwenu wapi, akamjulie hali mgonjwa."

"Ukamwelekeza?"

"Nilijua ni mzee wetu tu."

Hajra alikuwa tayari yuko barabarani. Alisikia Nicholaus akimfokea mteja atoke afunge duka. Bodaboda ya kwanza ilikuwa na abiria, ya pili haikusimama, akaamua kukimbia. Jua la saa sita lilikuwa utosini na barabara ya mtaani kwao ilikuwa tupu. Kwa Mwamina mlango ulikuwa wazi lakini mwenyewe hakuwepo. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa ameona mgeni wa heshima ameingia, akadhani mgonjwa yuko na watu, akaenda kisimani.

Kizingitini kwao palikuwa na kandambili za ngozi, zimepangwa sambamba, pua zimeelekea nje.

Mzee Masoudi alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Bi Sikuzani alikuwa chini kwenye mkeka, ungo wa mbaazi mapajani. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya mbaazi, haviokoti kitu. Alikuwa amempa mgeni maji, kwa sababu mgeni hupewa maji. Hajra alimtazama mama yake usoni, mama yake akainua macho mara moja, na Hajra akaelewa kwamba mzee bado hajamjua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mgonjwa. Mama yako amenikaribisha vizuri. Ni mtu wa maneno machache."

"Anaumwa."

"Naona." Alimtazama Bi Sikuzani kwa huruma, kama daktari. "Mgonjwa asiongeleshwe sana. Nionyeshe kazi yetu, basi, nisikuchosheni."

Hajra aliwaza kumwambia kwamba chaji ya laptopu imekwisha, lakini alihisi kwamba uongo wowote mzee huyu angeuona. Na akikataa, atauliza sababu. Alifungua laptopu juu ya meza ndogo, mikono yake ikikosea herufi. Gemu likafunguka. Mikono miwili ikatokea, na mtutu wa gobore, na njia nyekundu inayoingia kijijini. Akaanza kutembea.

Sauti ilipotoka, mzee alifumba macho. Midomo yake ikawa inatamka pamoja nayo. Bi Sikuzani aliubana ungo hadi mbaazi zikaanza kumwagika ukingoni, moja moja.

"Endelea," mzee alisema, akafumbua macho.

Hajra aliendelea. Nyumba zikaonekana kwenye duara lake. Wanakijiji wasiolala walikuwa mbali, migongo yao imeinama kwenye majembe. Aliifikia pampu, akataka kugeuka haraka.

"Simama hapo," mzee akasema. "Tazama kulia."

Alitazama kulia. Ghala lilikuwa pale kama alivyolichora.

Mzee alijiinamisha mpaka uso wake ukakaribia kioo. Hajra alisikia pumzi yake. "Pampu ilikuwa hapa kweli," akasema taratibu. "Na mlango wa ghala uliangalia machweo, hivi hivi. Palikuwa na jiwe la kukanyagia, na jiwe lipo. Nani alikuambia?"

"Nimetunga, mzee."

"Kijiji mtu hutunga. Jiwe la mlangoni hatungi." Hakuwa amekasirika. Alinyoosha mkono nyuma yake, akausukuma mlango ukafungika, akapitisha komeo. Sebule ikawa na giza ghafla, mwanga ukabaki wa kioo cha laptopu na mstari wa jua chini ya mlango. "Nilipoona jina langu kwenye karatasi zenu, nilifurahi. Nilijua kuna mtu bado ananikumbuka. Nimekuja kumtafuta. Nani?"

Hajra alikuwa na nguvu kumshinda. Alijua hivyo kwa akili. Mtu mzee, mwembamba, amekaa kwenye kiti, angeweza kumsukuma. Lakini miguu haikuwa yake. Ilikuwa kama ile hali aliyoitengeneza mwenyewe kwenye gemu, wakati baruti imekwisha na mchezaji anabonyeza na hakuna kinachotokea.

"Mimi ndiye niliyemwambia," Bi Sikuzani alisema.

Mzee akageuka. Alimtazama muda mrefu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Bashiri. Fundi matofali."

"Bashiri." Akatikisa kichwa polepole, uso umechangamka. "Bashiri alikuwa mtu mtiifu. Na mwanawe wa kiume alikuwa anaongoza nyimbo."

"Hemedy."

"Hemedy, ndiyo. Sauti nzuri." Akamgeukia Hajra kama watu wanaozungumza ya ukoo. "Mwisho wa mchezo wenu utaubadilisha. Mtu hapigwi risasi kwa kuwapenda watu. Wanaocheza wafike kwangu, waniombe, niwaongoze. Ndivyo itakavyokuwa."

"Mlango ulifunguliwa?" Bi Sikuzani aliuliza.

"Waliokuwa mle walikuwa wagonjwa, mwanangu."

"Nimeuliza mlango."

"Ningeufungua, maradhi yangetoka." Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini alifunga dirisha mvua inaponyesha. "Nilibaki peke yangu nyinyi mlipokimbia. Nilikaa nao nje pale. Walipiga kelele, halafu wakaacha. Niliwasomea asubuhi na jioni. Hakuna aliyewakimbia isipokuwa nyinyi. Na mpaka leo mimi ndiye ninayewatunza. Nimewapandia mikorosho. Kila mwaka naenda kupalilia."

Kwenye laptopu, wanakijiji wasiolala walikuwa wamemfikia mchezaji aliyesimama bila kusogea. Kioo kikawa chekundu. Kipaza sauti juu ya nguzo kikarudia maneno yake ya asubuhi, kwa upole uleule.

Bi Sikuzani aliinuka. Mbaazi zilimwagika zote. Alitembea kuelekea mlangoni, akapita magotini mwa mzee, akanyoosha mkono kwenye komeo, na mzee akamshika kifundo cha mkono.

"Kaa, mwanangu," akasema.

Hajra aliona jambo ambalo lilimtisha kuliko kufungwa kwa mlango. Magoti ya mama yake yalianza kukunjika. Mama yake alikuwa anakaa. Mwili ulikuwa unatii wenyewe, kama ulivyozoezwa, na uso wake ulikuwa umeanza kutabasamu, tabasamu la mtoto anayetaka aonekane mzima.

"Mama," Hajra akaita.

Bi Sikuzani alisimama hapo hapo, nusu amekaa. Alipumua kwa mdomo. Halafu akajinyoosha, taratibu, mkono wake ukiwa bado umeshikwa.

"Nipeleke," akamwambia mzee.

"Wapi?"

"Kwa kaka yangu. Umesema unawatunza. Sijawahi kupaona alipolala. Nionyeshe."

Mzee alimwangalia. Ndipo Hajra alipomwona akilegea, uso wote ukajaa furaha ya mwenye shamba aliyeombwa na mgeni amtembeze shambani. Aliuachia mkono.

"Hakuna aliyewahi kuniomba," akasema. Akavuta komeo mwenyewe.

Nje, Nicholaus alikuwa anashuka kwenye pikipiki pamoja na mwenyekiti wa mtaa, Yasini, wote wanahema. Mzee Masoudi alivaa kandambili zake, akawasalimia kwa adabu, na bila kuulizwa akawaambia kwamba anajiandaa kumpeleka mama huyu makaburini kwa ndugu zake, kule porini, na kwamba kama wanataka wanaweza kufuatana naye. Yasini alimtazama Bi Sikuzani, akaona mkono wake umevimba alama za vidole. Akachukua simu akapiga polisi.

Mzee hakukimbia. Alikaa kwenye benchi la mwenyekiti akiwangoja, akaomba chai.

Kesho yake walikwenda na gari la polisi, wakapita Ruangwa na Malolo, wakaingia barabara ya vumbi, kisha njia ya ng'ombe, kisha hakuna njia. Walitembea. Mzee alitangulia akiwa na askari wawili, akawa anawaonyesha watu wasijikwae. "Hapo kisiki," alisema. "Hapa mvua ikinyesha pana utelezi." Bi Sikuzani alikuwa ameshika mkono wa Hajra kwa nguvu kiasi kwamba pete iliingia kwenye nyama. Kila mti uliodondosha jani ulimshtua. Hajra naye alikuwa anatembea huku anaona mtutu wa gobore mbele yake kila akipepesa macho, na akajikuta anahesabu mahali pa kujificha.

Nuru palikuwa pamekwisha. Palikuwa na bomba la pampu limesimama kwenye majani, na vichuguu vya udongo ambavyo zamani vilikuwa kuta, bado vimeshika duara. Pembeni, mahali pa ghala, palikuwa na mikorosho. Hakuna mkulima wa Nachingwea wala Ruangwa anayepanda mikorosho kwa kubanana vile. Matawi yalikuwa yamesokotana, chini pana giza mchana kweupe, na ardhi imefagiliwa safi. Hapakuwa hata na jani.

"Nilipalilia kabla ya mnada," mzee alimwambia afisa wa polisi. "Ukiacha, nyasi zinaota haraka sana upande huu."

Vijana wa kijiji cha jirani walichimba. Hawakuchimba sana. Jembe la kwanza lilipiga chuma, wakafukua kwa mikono, wakatoa kufuli lililoliwa na kutu, bado limezishika pete zake mbili. Mmoja wa vijana alilitupa chini akaenda kusimama mbali. Waliobaki waliendelea polepole, na walipofika kwenye mifupa wakavua kofia.

Mzee alikuwa bado anaeleza. Alieleza mbegu ya mikorosho aliipata wapi, na kwa nini alipanda karibu karibu. "Hawakupenda kuachana," akasema.

"Nyamaza," afisa alimwambia.

Akanyamaza. Bi Sikuzani aligeuza kichwa kutazama, kama mtu asiyeamini kwamba jambo hilo lilikuwa linawezekana siku zote. Kisha akakaa chini kwenye udongo uliochimbwa, ndipo akalia, kwa sauti, bila kujiziba.

Mzee Masoudi yuko mahabusu Lindi na kesi yake haijaanza kusikilizwa. Polisi walichukua nakala za sauti yote aliyorekodi. Nakala zilizobaki Hajra alizifuta mwenyewe, Nicholaus akiwa amesimama nyuma yake, na walipomaliza hawakuligusa gemu kwa muda mrefu. Nicholaus alirudi kwenye kopi na picha. Kwa miezi Hajra hakuweza kukaa chumba cha nyuma peke yake, hata mchana. Alikuwa akigeuza kiti kielekee mlangoni. Hakuwa anaogopa kwamba mzee atatoroka. Alichoogopa ni kwamba aliisikia sauti ile mara ya kwanza akaipenda, akaifuata bajaji.

Mazishi yalifanyika pale pale Nuru, baada ya wataalamu kumaliza kazi yao. Mifupa haikuweza kutenganishwa huyu na yule, wala Mwislamu na Mkristo. Sheikhe kutoka Ruangwa aliswali, kisha katekista Benedikto akasali, na hakuna aliyelalamika nani ametangulia. Watu walitoka Ruponda, Malolo, na wengine mbali zaidi, waliokuwa watoto wakati ule na ambao kila mmoja alikuwa amedanganywa na wazazi wake kwa upendo kwamba mlango ulifunguliwa.

Watu walipotawanyika, mama mmoja wa makamo, mnene, alibaki amesimama kwenye kivuli cha gari. Aliitwa Domitila, alitoka Malolo. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa waliofungiwa ghalani. Alimsogelea Bi Sikuzani, akamwuliza kama kweli yeye ni mtoto wa fundi matofali.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwenu. Sikukumbuki uso."

"Wala mimi sikukumbuki," Bi Sikuzani akasema. "Lakini kaa."

Domitila aliondoka nao kwenda Nachingwea akitarajia kulala usiku mmoja, akakaa mpaka korosho zilipoanza kudondoka. Jioni waliketi ukumbini wakibangua njugu, na Hajra akiwa jikoni aliwasikia wakiulizana: unakumbuka lile, unakumbuka yule. Hawakusimulia mazuri tu. Wakati mwingine mmoja alianza jambo, akashindwa, na mwingine akalimaliza. Hajra alipunguza moto chini ya sufuria ili maji yasichemke kwa kelele, akawaacha waongee.